Tulivyokwenda Kumzika Mama Nyansurura

Majirani zangu wa Nkende, nyinyi mliotuchangia unga na sukari siku ile, mlikuwa na haki ya kuniuliza kilichotokea. Niliporudi niliwasimulia vipande vipande, kila mmoja kipande chake, na baadaye nikaja kusikia safari yangu ikisimuliwa kisimani kwa namna ambayo hata mimi niliyeisafiri sikuitambua. Katika simulizi moja nilivuka Mto Mara nikiwa mgongoni kwa mume wangu. Sikuvuka hivyo. Sasa wengi wenu mmehama, wengine mmestaafu mkarudi kwenu Mwanza na Songea, na Mama Atieno kila tukionana ananiambia niandike kabla sijasahau. Basi naandika. Habari za kuomba ruhusa na kutafuta nafasi kwenye lori naziacha, hazina ladha.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa.

Nkende

Mnakumbuka vyumba vyetu viwili, na kibaraza ambapo mume wangu Salehe aliweka cherehani yake. Kwa asiyemjua, Salehe alikuwa mtu wa Pangani aliyemfuata kaka yake huku bara akiwa kijana, akakaa Tarime, akanioa mimi binti wa kijiji cha Nyansurura, ng'ambo ya Mto Mara. Kwetu jina langu ni Robi. Niliposilimu niliitwa Zuhura, na mama yangu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa hasa, alisema jina jipya ni zuri ila yeye hatalitumia kwa kuwa ameshalizoea lile alilonipa mwenyewe. Ndivyo alivyokuwa.

Wakati huo nilikuwa na Mwajuma wa miaka minne na Hamisi anayenyonya. Hamisi alikuwa anaota meno na alitaka dunia nzima ijue. Salehe alikuwa na kazi ya sare za shule, nguo nyingi kuliko saa za mchana. Sote wawili tulikuwa tumechoka ule uchovu ambao mtu akikuuliza habari za asubuhi unaona kama anakuonea. Asubuhi ile uji uliungua. Salehe aliuonja, akaweka kikombe chini, hakusema kitu, na huko kutosema ndiko kulikonikera.

Nikamwambia, "Nimechoka. Natamani niende kwa mama yangu nikalale."

Alikuwa ameshika pini kwa midomo. Akazitoa moja moja, akasema, "Nenda basi."

Akaendelea kushona. Mimi nikaingia ndani na mtoto, nikaanza kufunga nguo kwenye kanga bila nia ya kwenda popote, ili tu anione nafunga. Nilikuwa bado nafunga nilipoitwa nje.

Aliyekuja alikuwa utingo wa lori lililokuwa likienda Mugumu na kurudi. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, mgeni katika njia ile, na tayari alikuwa amevua kofia. Alisema amepewa salamu zangu na mwanamke mmoja ng'ambo ya Mto Mara. Mwanamke huyo alimwambia kwa Kikurya, na Kikurya chake yeye kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa tu.

"Wewe ndiye Robi, mke wa fundi?"

"Ndiye mimi."

"Pole, dada. Mama yako hayupo tena. Wanasema mkija, mjue hivyo."

Nilisikia mguu wa Salehe ukiacha kukanyaga cherehani. Nadhani Mama Atieno ndiye aliyelia kabla yangu, kwa sababu alikuwa anaanua nguo zake pale karibu na nilimwona akiangusha beseni. Baada ya hapo mlijaa nyote uani. Mlileta unga, mchele, sukari iliyokuwa adimu kama dawa, maharage, majani ya chai. Mmoja wenu alinivalisha kanga nyeusi. Salehe alifunga cherehani yake kwa turubai, akaja akambeba Mwajuma. Tulikwenda kupanda lori hatujazungumza.

Tarime hadi Nyamwaga

Lori lilibeba mabati na magunia ya chumvi. Tulikaa juu ya magunia pamoja na wanawake waliotoka sokoni na mwalimu mmoja kutoka Ruvuma aliyekuwa anakwenda kuripoti kazini, mwenye sanduku la bati na ndizi ambazo hakutaka zipondeke. Watu walipojua tumefiwa walinisogezea mahali pazuri, katikati, pasiporusha sana.

Sikujua kumbe ukifiwa safarini unachukua na misiba ya watu wengine. Mama mmoja aliniuliza mama alikuwa anaumwa nini. Nikasema sijui. Akasema wa kwake alikuwa anaumwa kifua, akaanza kuanzia mwanzo. Alipomaliza, jirani yake akaanza na wa kwake. Mpaka tunapita mashamba ya mwisho ya mji nilikuwa nimewazika watu watatu nisiowajua, na mwalimu wa Ruvuma alikuwa amenipa ndizi mbili.

Mwajuma yeye alikuwa na furaha kubwa. Alimwambia kila mtu kwamba tunakwenda kwa bibi.

"Bibi atanipa maziwa ya kibuyu," alisema.

Watu wakatazamana. Mama wa kifua akampapasa kichwa, akasema, "Maskini, hajui."

"Najua," Mwajuma akajibu. "Yale yenye mkaa ndani." Kwetu kibuyu husuguliwa kwa mkaa kabla ya kutiwa maziwa.

Salehe akageuza uso akaangalia barabara. Nilikuwa sijawahi kumwona analia kabla ya siku ile, na siku ile pia alisema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha.

Nyamwaga tairi lilitoboka. Utingo na dereva walilala chini ya lori, wakabishana jinsi ya kulifungua, na sisi tukaingia kwenye kibanda cha chai. Mwenye kibanda alikuwa mama wa makamo, mkono wake mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine, na alikuwa anauza chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha. Aliiona ile kanga yangu nyeusi akaniwekea muhogo bila kuuliza. Salehe alipoingiza mkono mfukoni akamkatalia.

"Kula, baba. Mfiwa halipi kwangu."

"Siwezi kula, mama."

"Basi mshikilie mtoto, mwenzako ale."

Salehe akamchukua Hamisi. Nilikula muhogo ule wote na nusu ya wake, na nikashangaa nafsi yangu, kwamba mama yangu amekufa na muhogo bado ni mtamu. Mpaka leo nikila muhogo wa kuchemsha wenye chumvi nyingi, moyo wangu unasafiri mpaka kile kibanda.

Mto Mara

Tulifika mtoni jioni, tukakuta maji yamepita juu ya daraja. Yalikuwa mekundu, yanakwenda kwa haraka na matawi ya miti. Dereva alizima injini, akashuka, akayatazama kama mtu anayemtazama mdeni wake, akarudi.

"Leo hapana," alisema.

"Ndugu dereva, tuna msiba," Salehe akamwambia.

"Nimesikia, ndugu. Nikiingia hapo tutakuwa na misiba mingi zaidi."

Tulilala pale pale, wanawake na watoto chini ya turubai. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua kidogo lakini si vya kutosha. Nilikaa kwenye jiwe nikiangalia ng'ambo. Nilikuwa nawaza kwamba wanamzika sasa hivi, wananisubiri kisha wanachoka kunisubiri. Wanawake wakasema tuombe. Mama mmoja wa Kisabato akaanzisha wimbo, wengine wakamfuata, na Salehe akateremka mahali penye maji ya utulivu, akatawadha, akatandika koti lake kwenye majani akaswali. Dereva alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori. Akasema, "Ombeni wote, kila mtu kwa njia yake. Ila mtu asije akaniambia Mungu amemwambia nivuke."

Walipojaribu kulisogeza lori mahali pakavu, watu wakasukuma, na dereva naye akashuka kusukuma. Ndipo suruali yake ilipopasuka, kuanzia kiunoni mpaka inapoishia. Alisimama ameegemea lori, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Utingo akacheka mpaka akakaa chini. Salehe alivua kofia yake, na ndani ya kofia, kama mnavyomjua, kulikuwa na sindano yenye uzi. Nikampa dereva kanga yangu ile nyeusi ajifunge. Basi tukawa na dereva aliyevaa kanga ya msiba, ameketi na mwanangu Hamisi magotini, anamlaumu mtoto kwa nini hana jino hata moja na bado analia kama mwenye meno, na mume wangu akishona suruali juu ya gunia la chumvi.

Nilicheka. Ilinitoka tu. Kisha nikaona aibu nikalia, na Salehe akaacha kushona, akaja akakaa karibu yangu, suruali ya mtu mapajani.

"Zuhura," alisema, "lile neno nililosema asubuhi ile."

"Nimelisahau."

"Hujalisahau."

"Haya, sijalisahau."

Akachoma sindano kwenye kitambaa, akaichomoa. "Nilikuambia uende kwa mama yako, na saa hiyo hiyo habari ikaja. Tangu hapo najiona kama niliyeuita msiba kwa mdomo wangu mwenyewe. Ningekuwa nimesema pole, umechoka, kalale kidogo. Maneno hayo yana uzito gani? Hata pini zisingenizuia."

Nilishika ncha nyingine ya suruali nikaivuta ili ashone kwa urahisi. Mama Atieno aliniuliza zamani kama Salehe aliwahi kuniomba radhi. Jibu ni hilo.

Mchana maji yalishuka. Dereva akavaa suruali yake, akanirudishia kanga ikiwa imekunjwa vizuri, akasema, "Sasa naweza kukutana na Mungu hata nikianguka." Tukavuka polepole, maji yakipiga mlangoni, na hakuna aliyeimba.

Njia panda mpaka bomani

Tulishuka njia panda, lori likaendelea na mwalimu wake na ndizi zake. Kutoka hapo ni kutembea. Mimi nilimbeba Hamisi mgongoni, Salehe alijitwisha mchele na sukari, huku Mwajuma akimshika shati.

Njia ile naijua kama sakafu ya nyumba yangu, lakini siku hiyo niliona kama nimepotea. Hapakuwa na moshi. Kwenye boma la majirani zetu kina Nyangi hapakuwa na mbwa wa kutubwekea. Nyumba zilikuwa zimebaki kuta, paa hakuna, na kuku wawili tu waliosahauliwa wakichakura mlangoni. Nilisikia habari za kuhama vijijini, redio ilisema kila siku, lakini nilidhani wangeanza na watu wa barabarani. Nikawaza, hata wa kumlilia mama hayupo.

Tulipofika bomani kwetu, nyumba ya mama ilikuwa imevuliwa paa. Jiko lilikuwa baridi. Na mbele ya nyumba, upande wa mashariki, palikuwa na udongo mpya uliotifuliwa, umeinuka, urefu wa mtu aliyelala.

Nilimkabidhi Salehe mtoto. Nikaenda nikapiga magoti kwenye udongo ule, nikauweka uso wangu pale, nikamwita mama. Nilimwambia mambo mengi. Nilimwambia nimechelewa kwa sababu ya mto. Salehe alivua viatu akasimama nyuma yangu, akainua mikono, nikamsikia akisoma dua kwa sauti ya chini, na sauti ikikatika.

Ndipo Mwajuma aliposema, "Mlango unakuja."

Tukageuka. Kweli, mlango ulikuwa unakuja njiani, wa mbao, una miguu miwili. Ulipofika ukasimama, na chini yake akatokea Mzee Marwa, jirani yetu, aliyekuwa amerudi kuuchukua kwenye nyumba yake ya zamani.

"Shikamoo, tata," nikasema, maana kwetu ndivyo tunavyomwita baba.

"Marahaba, Robi. Mnafanya nini kwenye ghala?"

"Ghala gani?"

"Hapo ulipopiga magoti. Ghala la mtama la mama yako. Nguzo tulizing'oa juzi, zimeoza chini, ikabidi tuchimbe."

Nilimtazama. Salehe, ambaye hakuelewa Kikurya chote, akaniuliza anasema nini. Nikamuuliza Mzee Marwa, "Na mama amezikwa wapi?"

Aliushusha mlango, akauegemeza ukutani taratibu.

"Mama yako? Asubuhi nimemwacha kijijini anagombana na mwenyekiti. Amepewa kiwanja mbali na maji, hataki." Akafikiri. "Alituma salamu kwenu kwamba hayupo tena hapa, mkija msije mkahangaika huku. Hamkuzipata?"

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo wa ghala. Salehe akaniuliza tena, anasema nini, na nilipomwambia alikaa naye, akiwa bado amembeba Hamisi, na viatu hajavaa. Mzee Marwa alitutazama, akaona mchele, akaona kanga, na polepole akaelewa. Hakucheka, ninamheshimu mpaka leo kwa hilo. Alisema tu, "Basi twendeni. Mmoja anisaidie mlango."

Kijiji kipya

Kijiji kilikuwa mistari miwili mirefu ya nyumba ambazo hazijakwisha kujengwa. Kila mahali watu walikuwa wanachimba, wanakandika, wanaezeka. Mama nilimwona kwa mbali nikamjua kwa namna anavyosimama, mkono kiunoni. Alikuwa amebeba nguzo begani na anamwambia mwenyekiti, kijana wa watu mwenye jasho, kwamba yeye hapingi ujamaa, anapinga kupanda mlima na ndoo.

Akageuka akatuona. Akaangalia kanga yangu, akaangalia mizigo.

"Robi. Nani amekufa?"

Kabla sijamjibu, Salehe alinipita akikimbia.

Hapa lazima nieleze, maana wengi wenu si wa kwetu. Kwetu mkwe wa kiume hamkaribii mama mkwe. Hamshiki mkono, hali naye, akimkuta njiani anachepuka. Nilimfundisha Salehe tangu tulipochumbiana, na kwa miaka yote alimwamkia mama kutoka umbali wa ng'ombe watatu. Siku hiyo alisahau yote. Alimfikia, akaishika mikono yake yote miwili, akapiga magoti mbele ya kijiji kizima, akalia kama mtoto, akisema, "Mama, u mzima. Mama, u mzima."

Kazi zote zilisimama. Wanawake waliziba midomo. Mwenyekiti aliangalia miguu yake. Mama alisimama wima kama hiyo nguzo iliyokuwa begani mwake, na nikaona anatafuta la kufanya na hakuna mila inayomwambia.

Mwisho akasema, kwa Kiswahili, ambacho hakukipenda, "Mkwe, umeshanishika. Sasa shika na hii."

Akamtwika ile nguzo.

Kijiji kizima kikacheka, na mwenyekiti naye akacheka kwa ahueni, na mama akaja kwangu akanishika kidevu kama alivyokuwa akifanya nikiwa na homa. Mwajuma akamvuta nguo. "Bibi, naomba maziwa."

Tulipomweleza, alisikiliza bila kutukatiza. Kisha akafungua mizigo mmoja mmoja.

"Sukari yote hii ya nini?"

"Ya matanga, mama."

"Ya nani?"

"Yako."

Akaipima ile sukari kwa jicho. "Majirani zako wa Tarime wametoa hii yote kwa ajili yangu? Hawanijui hata sura." Akafunga mfuko, akaufungua tena. "Pikeni. Watu wamechoka kujenga. Nione wangekula nini."

Basi tukapika. Jioni ile, nje, kwenye masufuria ya kuazima, wali na maharage na chai yenye sukari kweli kweli, watu wakaja wakakaa kwenye nguzo na marobota ya nyasi. Mama aliomba kwa sala ndefu ya kanisani kwake, Salehe akasema bismillahi, tukala. Mzee Marwa akashiba akasimama, akasema hajawahi kupata nafasi ya kumsema marehemu akiwa anasikia, kwa hiyo ataitumia. Alisema marehemu alikuwa mkali. Alisema marehemu alimnyima punda mwaka wa njaa, kisha akamletea mtama bila kuombwa. Mwingine akasimama akasema marehemu alimzalisha mke wake mvua ikinyesha. Wa tatu akasema marehemu anaimba vibaya. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, na alipomaliza kujifuta aliendelea kujifuta.

Nawashukuru kwa sukari ile. Niliwaambia wakati ule, lakini hamkujua ilifanya nini.

Kesho yake asubuhi nilichukua jembe nikakandike. Mama akaninyang'anya.

"Ulilala lini mara ya mwisho?"

"Nalala."

"Nakuuliza ulilala lini."

Nikafikiri, nikaona siwezi kukumbuka. Akamchukua Hamisi, akatandika ngozi kwenye kivuli cha ukuta usio na paa, akanielekeza kwa kidole. Nilisema nitajinyoosha kidogo tu. Niliamka jua likiwa upande mwingine. Nilisikia Salehe anaezeka juu ya nyumba, anafundishwa na watu watatu kwa mpigo, na mama yangu akimwimbia mwanangu wimbo wa kanisani, vibaya. Sijawahi kulala tena hivyo, hata baada ya watoto kukua na nyumba kuwa kimya.

Kwa baba

Siku moja kabla ya kuondoka, mama alisema anakwenda kule bomani kwa baba. Baba amezikwa nyuma ya nyumba, tangu nikiwa msichana. Tukafuatana, mimi na yeye, na Salehe akija nyuma kwa umbali wake wa zamani, ambao sasa ulikuwa umepungua, sema ng'ombe mmoja.

Njiani mama akaniambia, "Kule kijijini wanasema zahanati itakuja, na shule iko karibu. Sikatai. Lakini nikiamka gizani nanyoosha mkono kutafuta ukuta, naukosa. Miaka yote mkono wangu ulikuwa unaijua nyumba. Ndiyo maana nilituma salamu. Sikutaka uje ukute patupu."

"Nilikuta patupu, mama."

"Nimesikia."

Alipalilia kaburi kwa mikono. Akamweleza baba habari: nani kahamia wapi, mwenyekiti ni mtoto wa nani, ng'ombe yupi kazaa. Alimwambia atakuja akiweza, magoti yake yakikubali. Kisha akaimba ubeti mmoja.

Salehe akakohoa kule alikokuwa. "Mama, na mimi naruhusiwa kumwombea?"

Mama akaniuliza mimi, kana kwamba hakumsikia, "Anaomba kwa lugha gani?"

"Kiarabu."

"Na Mungu anakijua?"

"Anakijua, mama," Salehe akajibu mwenyewe.

"Basi asogee. Amwambie na habari za mvua, isizidi hii."

Akasogea. Akasoma dua ndefu, taratibu, na mama akaisikiliza yote ameinamisha kichwa, na mwishoni sote tukaitikia amina, kila mtu kwa alivyozoea.

Kuagana

Mama alitusindikiza mpaka njia panda. Lori lilichelewa. Tulikaa kando ya barabara, Mwajuma akiwa na kibuyu chake cha maziwa alichokuwa hataki mtu akiguse, Salehe akitembea huku na huko kuangalia vumbi la gari.

Mama akasema, macho yakiwa barabarani, "Ulikuja kunizika."

"Ndiyo."

"Ungesema nini?"

"Nilisema. Pale kwenye ghala."

"Mimi sikuwepo. Sema."

Niliona haya. Kulia juu ya udongo ni rahisi, lakini mtu akiwa mzima, anakuangalia, ana kovu lake la moto mkononi na ugoro puani, ni vigumu. Nikasema, "Nilisema kwamba siku za mvua nikitoka shule, ulikuwa unanisubiri hapa hapa njia panda, umejifunika gunia. Na ukiniona unajifanya ulikuwa unatafuta kuni."

"Nilikuwa natafuta kuni."

"Kwenye mvua, mama?"

Mabega yake yakaanza kutikisika, na nikajua anacheka. Tulicheka pamoja mpaka lori likasikika.

Salehe akapakia mizigo. Mama akanifungia Hamisi mgongoni, akakaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena.

"Haya nimesikia," alisema. "Ile siku yenyewe ikifika, usilie sana. Unanyonyesha, maziwa yatakauka."

Nikamwambia nitajitahidi.

Ilipofika siku yenyewe miaka mingi ilikuwa imepita. Hamisi alikuwa mwanamume mwenye ndevu, yeye ndiye aliyeendesha gari, na daraja la Mara lilikuwa kavu. Sikuwa na maziwa ya kulinda. Nililia mpaka nikatosheka.